Nne za namba moja mezani: jinsi ya kukokotoa uwezekano wa mikono adimu ya poka

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lilelile. Mwanafunzi wa chuo ananiuliza akiwa Iyunga hapa Mbeya, dereva wa bodaboda ananiuliza pale Kabwe, mwingine anatuma ujumbe usiku kutoka Mafinga: "Mwalimu, jana watu wawili walishika nne za namba moja kwenye mgawo mmoja. Inawezekana kweli, au tulipigwa changa la macho?" Nne za namba moja ni karata nne zenye namba ileile, kwa mfano 7 zote nne. Nimejibu kwa mdomo vya kutosha. Njia nzima ni hii hapa, uifanye mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Ukijua kuzidisha na kugawanya, umeiva. Kinachowakwamisha watu wengi ni kwamba wanauliza swali nusu kisha wanashangaa jibu, kwa hiyo Hatua ya 2 usiiruke hata kama inaonekana ya kitoto.

Jambo la sheria nalimaliza hapa hapa. Kuendesha karata za hela bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mwongozo huu ni wa hesabu. Mezani kwangu tunachezea maharage, na Mbeya hayajawahi kutuishia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Pakiti moja ya karata 52, jokari zikiwa pembeni.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha, ila kiwe na alama ya kipeo (x^y). Simu nyingi ukiilaza pembeni alama hiyo inajitokeza.
- Daftari na kalamu. Usifanye kichwani, namba zake ni ndefu.
- Jina la mchezo mnaoucheza. Poka ya karata tano na Texas Hold'em zina majibu tofauti kabisa.

Katika hatua zote hapa chini, isipokuwa nikisema vingine, tunazungumzia karata tano mkononi, zimegawiwa mara moja, bila kubadilisha hata moja.

Hatua ya 1: Hesabu karata zenyewe

Zitandaze mezani kwa mafungu manne: kopa, uru, shupaza na pau. Kila fungu liwe na karata 13, kuanzia ree (A), kisha 2 hadi 10, kisha J, Q na K. Nne mara kumi na tatu, 52.

Utaniona kama nakupotezea muda. Lakini kijiweni pakiti mbili zenye mgongo wa rangi moja huchanganyika kirahisi mno, na hapo ndipo ree ya tano inapozaliwa. Ugomvi wa namna hiyo humalizwa na dakika mbili za kuhesabu.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya kugawa

Swali lako lazima litaje mambo manne: karata ngapi kwa kila mtu, mkono upi (yaani mkusanyiko upi wa karata alizoshika mtu), mkono huo uwe wa nani, na migawo mingapi.

"Kuna uwezekano gani wa nne za namba moja?" halijakamilika. Lililokamilika ni hili: "Tukicheza watu sita, karata tano kila mmoja, migawo 100, kuna uwezekano gani kwamba mtu yeyote atashika nne za namba moja angalau mara moja?"

Neno "yeyote" hapo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mkono kukujia wewe, usiku wa leo, ukiwa na 9 nne, ni jambo moja. Mkono wa ajabu wowote kumjia mtu yeyote kwenye kikao chochote cha mwaka huu ni jambo jingine, na hilo la pili hutokea mara kwa mara. Watu huona la pili kisha wanakokotoa la kwanza, na hapo ndipo mgawaji anapoanza kuitwa mwizi.

Hatua ya 3: Tafuta idadi ya mikono yote

Karata ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 52, ya pili 51, ya tatu 50, ya nne 49, ya tano 48. Zidisha:

52 × 51 × 50 × 49 × 48 = 311,875,200

Sasa gawanya kwa 120. Sababu ni kwamba karata tano zilezile zinaweza kukufikia kwa mipangilio 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 120, na mkono unabaki uleule hata kama ree ilitangulia au ilikuja mwisho.

311,875,200 ÷ 120 = 2,598,960

Namba hiyo iandike juu ya ukurasa na uizungushie duara. Tutaitumia mpaka mwisho.

Onyo: kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni kusahau kugawanya kwa 120 upande wa jumla huku upande wa mikono unayoitaka ukiwa umehesabiwa bila kujali mpangilio. Jibu linatoka dogo mara 120 kuliko ukweli, na mtu anaondoka akiamini ameshuhudia muujiza.

Hatua ya 4: Hesabu mikono unayoitaka

Hapa ndipo penye kazi. Jiulize: ningetaka kuujenga mkono huu kwa mikono yangu, ningechagua nini kwanza, nini baadaye?

*Nne za namba moja.* Chagua namba: kuna 13. Ukishachagua, sema 7, unachukua zote nne, hakuna uchaguzi mwingine. Karata ya tano ni yoyote kati ya 48 zilizobaki. 13 × 48 = 624.

*Ful hausi, yaani tatu za namba moja na mbili za namba nyingine.* Namba ya zile tatu: 13. Kuchagua tatu kati ya nne: njia 4. Namba ya zile mbili: 12 zilizobaki. Kuchagua mbili kati ya nne: njia 6. Zidisha 13 × 4 × 12 × 6 = 3,744. Ukitazama vizuri utaona ni 624 mara sita kamili. Hilo tutalikuta tena mbele.

*Streti flashi, yaani tano zinazofuatana za aina moja.* Mfululizo unaweza kuanzia A, 2, 3 na kuendelea hadi 10, hiyo ni mianzo 10. Aina ni nne. 10 × 4 = 40. Kati ya hizo, nne zinazoishia na ree juu ndizo royali flashi.

*Jozi mbili.* Hii ndiyo mtego. Wengi wanaandika 13 kwa jozi ya kwanza na 12 kwa ya pili. Lakini jozi ya 8 na ya K ni mkono uleule na jozi ya K na ya 8, kwa hiyo umehesabu kila mkono mara mbili. Namba mbili kati ya 13 huchaguliwa kwa njia 13 × 12 ÷ 2 = 78. Kila jozi ina njia 6, na karata ya tano ina njia 44 (52 toa 8 za namba hizo mbili). 78 × 6 × 6 × 44 = 123,552.

Mbona kwenye ful hausi hatukugawanya kwa mbili? Kwa sababu K tatu na 8 mbili ni tofauti na 8 tatu na K mbili. Ukiona vitu viwili unavyovichagua vinafanya kazi moja, gawanya. Vikiwa na kazi tofauti, acha.

Hatua ya 5: Gawanya, na jibu liandike kwa "1 kati ya"

Jumla gawanya kwa mikono unayoitaka: 2,598,960 ÷ 624 = 4,165. Yaani mkono 1 kati ya 4,165. Asilimia waachie benki, 0.024% haimwambii kitu mtu aliyeketi kijiweni.

Ukimaliza mikono yote utapata orodha hii:

- Bila chochote: 1,302,540 (1 kati ya 2, kasoro kidogo)
- Jozi moja: 1,098,240 (1 kati ya 2.4)
- Jozi mbili: 123,552 (1 kati ya 21)
- Tatu za namba moja: 54,912 (1 kati ya 47)
- Streti, yaani tano zinazofuatana za aina mchanganyiko: 10,200 (1 kati ya 255)
- Flashi, yaani tano za aina moja zisizofuatana: 5,108 (1 kati ya 509)
- Ful hausi: 3,744 (1 kati ya 694)
- Nne za namba moja: 624 (1 kati ya 4,165)
- Streti flashi, royali ikiwemo: 40 (1 kati ya 64,974)

Royali flashi peke yake ni 1 kati ya 649,740. Ukigawiwa mikono 60 kila usiku bila kukosa hata usiku mmoja, inakuchukua karibu miaka 30 kufikisha mikono hiyo, na hata ukiifikisha, nafasi ya kuwa umeiona angalau mara moja ni kama 63 kati ya 100 tu. Ndiyo maana mzee akisema amecheza tangu ujana wake na hajawahi kuishika, mwamini.

Hatua ya 6: Ingiza watu na migawo

Mkiwa sita, kila mgawo una mikono sita. Kwa nne za namba moja, wastani wenu ni 4,165 ÷ 6, yaani kama mara 1 kila migawo 694. Hapo ndipo ile mara sita inapojirudia: meza ya watu sita huona nne za namba moja kwa kasi ileile ambayo mtu mmoja hujipatia ful hausi.

Sasa migawo 100 kwa usiku mmoja ni mikono 600. Usizidishe tu, tafuta kwanza uwezekano wa *kutokuiona kabisa*:

1. 4,164 ÷ 4,165 = 0.99976
2. Jibu hilo lote (usilikate) kwa kipeo cha 600 = 0.866
3. 1 − 0.866 = 0.134

Ni kama 13 kati ya 100. Kwa maneno mengine, kikao kimoja kati ya saba au nane kitakuwa na mtu aliyeshika nne za namba moja. Mkikutana kila Jumamosi, wastani ni mara saba au nane kwa mwaka, bila mtu yeyote kuchezea karata. (Mikono ya mgawo mmoja haijitegemei kabisa, ila kwa swali hili tofauti ni ndogo mno kuisumbukia.)

Hatua ya 7: Mikono miwili inayofanana kwa wakati mmoja

Hili ndilo swali la kijana wa Mafinga, na karibu kila mtu hulikosea kwa njia moja. Wanachukua 4,165 mara 4,165 na kupata 1 kati ya 17,347,225. Hapana. Karata ulizoshika wewe hazipo tena kwenye pakiti, kwa hiyo hesabu ya mwenzako lazima ianze upya na zilizobaki.

Fanya hivi. Wewe umeshika 9 nne na Q moja. Zimebaki karata 47.

1. Mikono yote ya mwenzako: 47 × 46 × 45 × 44 × 43 ÷ 120 = 1,533,939.
2. Namba ambazo bado zina karata zote nne: 13 toa 9 toa Q, zinabaki 11.
3. Karata yake ya tano: 47 − 4 = 43. Kwa hiyo 11 × 43 = 473.
4. 1,533,939 ÷ 473 = 3,243.

Umeona? Ukiwa umeshika nne za namba moja, uwezekano wa mwenzako kushika nne zake *umepanda* kutoka 1 kati ya 4,165 hadi 1 kati ya 3,243. Mara ya kwanza nikiwaonyesha watu hili wanaomba kikokotoo wakague. Sababu yake ni kwamba mkono wa kawaida hugusa namba nne au tano tofauti, na kila namba iliyoguswa haiwezi tena kumpa mwenzako nne kamili. Wa kwako umegusa namba mbili tu.

Wewe na mtu fulani mmoja, basi: 4,165 × 3,243 = 13,507,095. Lakini mezani mko sita, na jozi za wachezaji ni 6 × 5 ÷ 2 = 15. Gawanya: karibu mgawo 1 kati ya 900,473. Bado ni adimu sana. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule lilikuwa kwamba inawezekana, ila kabla ya kumwamini mgawaji ningetaka kujua karata zilichangwaje.

Texas Hold'em inageuza mambo. Kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za pamoja huwekwa mezani, kwa hiyo mikono ya mwanzo ni 52 × 51 ÷ 2 = 1,326. Jozi ni 13 × 6 = 78, yaani 1 kati ya 17; jozi ya ree peke yake ni 6, yaani 1 kati ya 221. Ukiwa umeshika 9 mbili, mwenzako anaweza kushika 9 mbili kwa njia moja tu kati ya 1,225 (50 × 49 ÷ 2). Hapa uwezekano wake *umeshuka*, kwa sababu mnagombea karata zilezile.

Watu wawili wowote kati ya sita kushika ree mbili-mbili kwenye mgawo mmoja: 221 × 1,225 = 270,725, gawanya kwa 15, unapata 1 kati ya 18,048. Na jozi yoyote inayofanana, si lazima ree: 17 × 1,225 = 20,825, gawanya kwa 15, karibu 1 kati ya 1,388. Hiyo mtaiona tu, mkicheza mara kwa mara.

Hatua ya 8: Jijaribu

Jumlisha orodha ya Hatua ya 5 yote. Isipokuwa 2,598,960 kamili, kuna mkono umeuhesabu mara mbili au umeusahau.

Kisha jaribu kwa karata. Changa, gawa mkono mmoja wa tano, andika kama una jozi moja tu, rudisha, changa tena. Fanya mara 50. Unatarajia jozi moja kama mara 21. Ikiwa kati ya 14 na 28 usishtuke. Mikono adimu huwezi kuipima hivi, utazeeka.

Na kuchanga kwenyewe kuna kiwango. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba pakiti ya 52 inataka kugawanywa nusu mbili na kuingilianishwa kama mara saba ndipo iwe imechanganyika vya kutosha. Ule mtindo wetu wa kudondosha mafungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni dhaifu zaidi, unataka mara nyingi mno. Juni na Julai pale Uyole baridi inakaza vidole, mtu anachanga mara mbili kisha anapuliza viganja na kugawa. Kama mchezo uliotangulia uliziacha karata zikiwa zimepangana namba kwa namba, nne za namba moja zitatokea tu, na hesabu zote za hapo juu haziwahusu tena.

Ukikwama

*Jibu limezidi 1.* Umezidisha uwezekano kwa idadi ya watu au migawo hadi ukapitiliza. Rudi Hatua ya 6, tumia njia ya kutokuiona.

*Simu inaandika 2.4E-4.* Si hitilafu. Maana yake ni 0.00024. Ili upate "1 kati ya", gawanya 1 kwa namba hiyo.

*Flashi imetoka 5,148 na streti 10,240.* Umesahau kutoa zile streti flashi 40. Toa 40 kila upande.

*Jozi mbili imetoka 247,104.* Mtego wa Hatua ya 4. Gawanya kwa mbili.

*Intaneti inasema nne za namba moja ni 1 kati ya 595.* Hiyo ni Texas Hold'em, ambapo unatengeneza mkono bora wa tano kutoka karata saba. Mikono yote huko ni 133,784,560, na royali flashi inashuka hadi 1 kati ya 30,940. Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mchezo wake.

*Rafiki yangu anasema 4,164 kwa 1.* Mnasema kitu kimoja. Yeye anahesabu za kukosa dhidi ya moja ya kupata. Wewe unahesabu zote.

*Pakiti yetu ina karata 36.* Michezo mingine ya vijiweni hutoa namba nzima nzima. Zikibaki namba tisa, mikono yote ni 376,992 na nne za namba moja ni 9 × 32 = 288, yaani 1 kati ya 1,309. Msilinganishe na orodha ya Hatua ya 5.

*Tumegundua karata moja ilipotea tangu mwanzo wa kikao.* Kwa nne za namba moja, haijabadilisha kitu. Namba moja imeharibika, zimebaki 12 zenye karata zote nne, na karata ya tano ina njia 47: 12 × 47 = 564. Mikono yote ya karata 51 ni 2,349,060. Gawanya, unarudi palepale, 4,165. Karata iliyopotea haina tofauti na zile zinazobaki chini ya pakiti bila kugawiwa; tofauti huanza pale mtu mmoja mezani anapojua ni ipi.